Stika ya Mama na Mkono wa Mkwe

Jumatatu, 10 Machi 2025. Asubuhi manyunyu, ukungu mzito upande wa hifadhi, jua limetoka saa nne.

Bi Mwantumu, shikamoo. Nisamehe kwa kuanza na tarehe na hali ya hewa, ni mazoea ya shajara yangu tangu kidato cha pili na leo sina nguvu ya kuanza kwa namna nyingine. Naomba unisaidie upesi kwa sababu jambo langu litaamuliwa Jumamosi hii.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na moja, nina mume na watoto wawili, nafanya kazi kwenye stesheneri hapa Mugumu, kuchapa, kutoa kopi, kupiga picha za pasipoti. Mama yetu ni mjane, anaishi Morotonga, na mimi ndiye ninayekaa karibu naye kuliko ndugu zangu. Mwezi uliopita mdogo wangu Rhobi aliolewa na Marwa, dereva wa magari makubwa kule Nyamongo, na kwenye sherehe mama alicheza. Naomba ulielewe neno hilo, Bi Mwantumu, kwa sababu mama hajacheza tangu baba afariki, hata kwenye harusi yangu alikaa kwenye kiti akapiga makofi basi, lakini siku hiyo kwaya ilipoanza aliinuka mwenyewe, akachezesha mabega kama msichana, akacheka mpaka pengo lake likaonekana.

Mpiga video alikuwa Felix, mwenye studio hapa mjini anayoiendesha na mke wake, naye alinipa video yote kwenye flashi. Nilipoitazama nikasema kicheko hiki kisipotee. Pale kazini kuna kompyuta, na tangu mwaka jana nimejifunza mwenyewe programu moja ya bure inayokata kipande cha video na kukigeuza kuwa picha inayocheza, zile ambazo watu wanatumiana kwenye WhatsApp kama stika. Kazi yake ni rahisi ukiifuata kwa mpangilio: unaweka alama pale kipande kinapoanzia na pale kinapoishia, unakata pembeni ibaki sehemu unayoitaka, unapunguza ukubwa na rangi ili faili liwe jepesi, halafu unaamua ichezeje. Hapo ndipo nilipoharibu. Kipande changu kilikuwa kifupi sana, mama anacheka, anakanyaga pindo la kitenge, anayumba, kinaishia hapo, na kila kilipomalizika na kuanza upya kilikuwa kinaruka, hakipendezi, nikaona afadhali nichague kiende mbele kisha kirudi nyuma, mbele na nyuma bila kukoma, na kikawa laini kabisa. Mimi nilikuwa naangalia uso wa mama tu. Naapa sikuona kitu kingine.

Kitu kingine chenyewe ni mkono wa Marwa. Mama alipoyumba alikuwa anaangukia ukingo wa jukwaa, na jukwaa lile ni la zege, bwana harusi ndiye aliyekuwa karibu, akamdaka kiunoni, akamsimamisha, akamwachia papo hapo. Kwetu Wakurya mkwe na mama mkwe hawagusani, hata mkono hawapeani, wakikutana njiani mmoja anapisha, lakini kabla hajamdaka, mama mkubwa, dada yake mama wa tumbo moja, alikuwa ameshampigia kijana kelele, “Mura, mshike, anaanguka!” na Marwa alipokwisha kumshika akageukia ukutani akafunika uso kwa mikono yote miwili, wazee wakacheka, mambo yakaisha. Kwenye stika yangu hayakuisha. Picha inakwenda mbele, anamshika kiuno, inarudi nyuma, anamwachia, inakwenda mbele, anamshika tena, na mama anacheka muda wote.

Nilituma kwenye grupu letu la ndugu, watu wanne tu, bila kusema nimetengeneza mimi. Dada yetu wa Sirari akaipenda, akaipeleka kwa mawakala wa forodha wenzake ili wamwone mama yake alivyo na nguvu, na kutoka hapo sijui ilipita kwa nani. Jumatano iliyopita nilikuwa sokoni nanunua dagaa, nikamkuta Eliza anayewauza na mwenzake wameinamia simu. Eliza hamjui mama yangu. Akanigeuzia simu nami nicheke. Mtu alikuwa ameshaandika chini ya picha: MKWE KANOGEWA.

“Mtazame huyu,” akasema. “Kila akimwachia anamrudia.”

“Na mama mtu anacheka,” mwenzake akasema. “Huyo si mkwe tena, huyo ni mwenye nyumba.”

Bi Mwantumu, hapo ndipo nilipouona ule mkono kwenye picha kwa mara ya kwanza. Niliondoka nikaacha dagaa kwenye mizani.

Kumbe Nyamongo ilikuwa imeshafika zamani. Madereva wenzake Marwa wakimwona anakuja wanashikana viuno. Baba zake wadogo wakaonyeshwa, wakasema hapa kuna kitu kibaya kimefanyika mbele za watu na hakuna mke hapo mpaka kisafishwe. Alhamisi jioni gari likasimama barabarani pale Morotonga, Rhobi akashuka na begi lake. Marwa hakuingia uani, angeingiaje, alisimama ameipa mgongo nyumba ya mama mpaka mke wake alipofika mlangoni, kisha akaondoka. Rhobi hali chakula. Pete bado anayo kidoleni, anaizungusha tu.

Jana nilikwenda kumpikia mama uji. Siku hizi hatoki, jumuiya haendi, kisimani anamtuma jirani. Walikuwepo wazee wawili wa ukoo, wakasema Felix ameitwa kwenye kikao cha koo zote mbili cha Jumamosi kwa sababu kamera ni yake, na vijana wa upande wa Marwa wameshasema wataivunja. Felix anajitetea kwamba yeye alitoa video nzima tu, hakuna anayemsikiliza. Mama alikuwa anakunywa uji. Akaweka kikombe chini, akasema polepole, “Aliyetengeneza ile picha, awe nani, asikanyage mlangoni kwangu. Hata nikifa asije.”

Mimi ndiye niliyempa kikombe hicho. Nikakipokea, nikaenda kukiosha.

Mume wangu Ombeni, ambaye ni mtu wa Singida na alikuja huku kuchimba dhahabu, anasema ninyamaze, faili halina jina la mtu, nilifute kwenye kompyuta na hakuna atakayejua. Nimeshalifuta, na video pia nimeifuta, na moyo umezidi kuwa mzito. Dada wa Sirari anasema tutengeneze stika nyingine ya kuchekesha zaidi, ya mtu mwingine, ili watu wahamie huko. Nikisema, nimempoteza mama, na maneno yake umeyasikia. Nikinyamaza, Felix anaangamia na mdogo wangu anabaki na begi lake nyumbani, wakati mwenye kosa ndiye anayewapikia uji. Niambie, niseme au ninyamaze? Na kama ni kusema, nianze na wazee au na mama? Na je, kuna njia yoyote ya kuirudisha ile picha kutoka kwenye simu za watu?

Ni mimi, mtoto wa Morotonga. Jina langu tafadhali usiliweke.

Naongeza mstari huu asubuhi kabla sijaituma: nimelala saa tisa na robo usiku.

BI MWANTUMU ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Leo ni Jumanne na kikao chenu ni Jumamosi, kwa hiyo usisubiri gazeti, jibu hili nakutumia kwenye simu yako sasa hivi. Nimesoma barua yako nimeshika kichwa. Mimi wazazi wangu walitoka Tanga, lakini nimezaliwa na kuzeekea Tarime mjini, na najua mkono huo una uzito gani kwa Wakurya.

Nianze na swali lako la mwisho kwa sababu ndilo jepesi. Hapana, haitarudi. Iko kwenye simu ambazo hutaziona maisha yako yote. Acha kuifukuza. Na mwambie dada yako wa Sirari akome. Mnataka kumchukua mama wa nani mwingine mumweke pale ili wa kwenu apumzike?

Hukukusudia, hilo naliamini. Ulitaka kicheko cha mama yako na hakuna mtoto asiyekitaka. Lakini tangu Jumatano unajua, na toka siku hiyo umefanya nini? Umefuta faili. Umemfutia nani? Watu wote wanalo, wewe tu ndiye huna. Ukakaa jikoni ukasikia Felix anatajwa, mtu mwenye mke na studio yake, ukaosha kikombe. Hapo ndipo ninapokukasirikia. Ombeni anakupenda na hapendi kelele nyumbani kwake, namwelewa, ila ushauri wake usiufuate.

Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu umeniandikia jambo kubwa kuliko yote kisha ukalipita kama unapita kibanda cha mtu usiyemjua. Mama mkubwa alipiga kelele. Alimwambia yule kijana amshike. Dada wa mama, mtu mzima, mbele ya ukumbi mzima. Ile programu yako inapogeuza video kuwa picha inaondoa sauti, wewe unajua hivyo kuliko mimi. Baba wadogo wa Marwa hawakuwepo ukumbini, au walikuwa nyuma. Wameonyeshwa kijana anayemshika mama mkwe bila kuitwa, anamwachia, anamrudia. Kijana huyo hayupo. Aliyekuwepo alitumwa, akashika mara moja, akafunika uso. Vyote viwili umevikata, agizo mwanzoni na aibu yake mwishoni, na katikati ukaongeza kurudia ambako hakukutokea.

Kwa hiyo Felix unayemkimbia ndiye mwenye dawa. Video nzima bado anayo. Nenda kwake, mwombe msamaha akiwa na mke wake, usimwombe pembeni. Mwambie alete kikao hicho kipande chote, kuanzia kabla ya kelele hadi Marwa anapogeukia ukutani, na spika yenye sauti ya kutosha. Safari hii usipunguze chochote, hata rangi. Mama mkubwa naye awepo, aulizwe kama ile sauti ni yake. Wazee wakisha kuona na kusikia, wakitaka kusafisha wasafishe, hiyo ni mila yao na mimi siingii. Ila wasafishe kilichotokea. Kilichotengenezwa kwenye stesheneri ya Mugumu ni mzigo wako, na utasimama mbele yao useme hivyo kwa mdomo wako, Marwa akisikia, ili madereva wenzake wapate cha kunyamazia.

Lakini hayo yote ni ya baadaye. Mama kwanza, na ni leo. Akilisikia kwenye kikao, mbele ya wanaume, utakuwa umemwaibisha mara ya pili, na hiyo haitakuwa bahati mbaya. Nenda peke yako. Simu iache nyumbani. Usianze na kompyuta, usianze na dada wa Sirari, usimwambie ilikuwa inaruka ukataka iwe laini, hayo hayamhusu. Mwambie hivi: “Mama, ile picha nimetengeneza mimi. Nilikuwa nakuangalia wewe tu, sikuona kingine.” Halafu nyamaza, hata kama kimya kitakuwa kirefu. Usilie kabla yake, atalazimika kukubembeleza.

Akikwambia utoke, toka. Usibishane, usimtume padri wala jirani. Kesho asubuhi rudi, simama nje ya mlango, mwamkie. Asipoitikia, rudi na keshokutwa. Yale maneno mama yako aliyatamka bila kujua anamtamkia nani. Mpe haki ya kujua, kisha aamue mwenyewe kama ni yake.

Wasomaji: Barua hii na jibu lake vimekaa wiki mbili. Vinachapwa leo kwa ruhusa ya mwandishi na ya mama yake, aliyesomewa vyote viwili na binti zake, Rhobi akiwa amekuja siku moja tu kutoka kwa mumewe Nyamongo. Mama amekubali barua itoke. Picha amekataa.