Zamu ya Baba

Mansfield, Jumapili

Dada yangu Moraa,

Baridi imeanza na watoto wana mafua. Kanisani wamekuulizia tena. Nimesema kazi za hospitali zimekubana huko Pearland. Sina uongo mwingine.

Unakumbuka nyumba hii ya zamani hupashwa joto kwa maji ya boila. Wiki jana ilipoa kabisa. Fundi alichota maji kidogo kwenye chupa akayapima, na yalikuwa meusi kuliko chai ya strungi. Kutu imekula mabomba. Akaniuliza ni nani anayeyamwaga, kwa sababu maji hayo hutiwa dawa ya kuzuia kutu kisha huachwa humo humo. Ukiongeza mapya kila mara, unaongeza kutu.

Ni Baba. Kila asubuhi alikuwa akiyamwaga na kujaza mengine, kama alivyofanya miaka thelathini kwenye boila ya kiwanda cha chai kule Kisii. Kule ilikuwa lazima, maana maji yakigeuka mvuke huacha uchafu chini. Nilipomweleza, alisimama wima akanijibu, "Sawa, mkubwa." Tangu Agosti hanijui, Moraa. Sikutaka kukuambia kwa simu.

Mabomba yamesafishwa na dawa imetiwa. Chumba cha boila nimekifunga kwa kufuli. Baba ameweka kiti mlangoni, anangoja afunguliwe.

Leo nimesoma daftari lake. Kila ukurasa ameandika saa na rangi ya maji. Chini kabisa, mahali pa jina la mtu wa kumpokea zamu, ameandika Moraa.

Kakako,
Absalom