Chubwi za Mama

Gregori, nimekwisha.

Vile vichwa vya risasi nilivyohangaika kuvipata, vya kujazia maganda ya risasi za bastola kwa mashindano ya shabaha Jumamosi? Havipo. Boksi zima!

Mama kavigawa. KAVIGAWA!

Alipoviona juzi niliogopa kutaja bastola, nikamwambia ni chubwi, vile vizito vya mshipi wa kuvulia samaki. Leo Mzee Vuai kaja kumsalimia, na unamjua mama, mgeni hatoki kwake mikono mitupu. "Chukua, Bwana Vuai. Mwanangu hata mshipi hana."

Mzee kaenda kuvulia; sasa viko chini ya Mto Potomac.

Nimwambie nini? Nimwambie nini, Gregori?

Mzee karudi na samaki, mama kampika wa nazi. Kanipakulia kichwa.

"Kula, mwanangu. Bwana Vuai anauliza kama utanunua nyingine."