Makaroni ya Shangazi wa Mhezi

Kambi ya mkonge, Same
Baada ya mvua za vuli

Dada yangu Agnesi,

Shikamoo. Kama barua hii imekukuta umesimama, tafuta kigoda kwanza, maana ni ndefu na ina chakula ndani yake. Mguu wa mama umepoa? Ile mizizi aliyoletewa na mama mdogo, ameichemsha au bado anabishana nayo? Na dagaa wetu wa usipa wamekuja mwaka huu, au ziwa limefunga duka?

Sisi huku hatujambo. Baba Stella ni mzima, ila sikio lake moja limeanza kugoma kwa kelele za korona, ile mashine inayokamua majani ya mkonge. Nikimtuma maji hasikii. Nikisema chai iko tayari anasikia vizuri kabisa. Jua la huku ni lile lile, linatuunguza sisi wa bondeni huku Wapare wakikaa juu milimani kwenye baridi na migomba, wakituangalia kama mtu anayetazama chungu kikichemka.

Mwandiko huu ni wangu mwenyewe, usitafute karani. Kisomo cha watu wazima kimenifikisha hapa. Mwalimu wetu ni kijana ambaye ningeweza kumzaa, na tukikosea anatuambia tusimame. Tunasimama, wazee wazima, mmoja ana wajukuu saba. Ndiyo maendeleo.

Sasa habari yenyewe. Stella amepata mchumba.

Usipige kigelegele bado. Kijana anaitwa Elinami, dereva wa trekta la shamba, Mpare wa huko Mhezi, milimani. Mpole, hanywi, na akija kwetu anavua kofia hata kwa kuku. Tatizo halikuwa yeye, lilikuwa shangazi yake, Namsifu. Mama yake Elinami alifariki mtoto akiwa mchanga, shangazi ndiye aliyemlea, na kwa ukoo ule neno lake likishatoka hakuna wa kulirudisha. Naye alishatoa neno. Alisema watoto wa kambini hawana chungu, wana sahani tu. Maana yake wanakula posho inayogawiwa, hawajui kupika kitu kikaiva, na yeye hajamlea mtoto wa marehemu kwa makande ya miaka yote ili aje afe njaa kwa mke wa Kinyasa. Hata hivyo alikubali kushuka kuja kutazama. Atakaa siku mbili, atakula kwetu, kisha atasema. Stella aliposikia hivyo alikonda mbele ya macho yangu.

Sasa naomba uvumilie, niingize makaroni.

Mashamba yalipotaifishwa, Mgiriki wetu meneja alifungasha akaenda kwao, nyumba yake ikawa ofisi. Juzijuzi wakafungua stoo ya nyuma wakakuta maboksi na maboksi ya vitu vidogo, vyeupe kwa mbali na vya njano kwa karibu, vina tundu katikati, vigumu kama shanga. Hakuna aliyejua ni nini. Mwenyekiti wa tawi akaitisha mkutano, akasema mali ya bwana sasa ni mali ya umma, kwa hiyo umma ule. Umma ukauliza unakulaje. Mwenyekiti akasema hilo ni jukumu la kila kaya.

Tukagawiwa. Dada, ungekuwepo. Watoto walitunga shanga, wakaenda nazo kanisani, padri akadhani ni rozari za mtindo mpya. Jirani yangu wa Singida aliyatwanga kinuni akayachekecha akasonga ugali. Ugali ukamshika mwiko hadi mumewe alipokuja kuamua ugomvi. Mwingine aliyakaanga kama karanga, akavunja jino. Mimi sikufungua pakiti zangu hata moja. Nilizipanga juu ya kabati, nikawa napita kuwajulia hali majirani wakati wa kupika. Mtu mwenye subira hujifunza kwa chakula cha wenzake.

Ndipo Baba Stella akakumbuka kwamba mpishi wa yule Mgiriki, Mzee Hamisi, hakuondoka na bwana wake. Amefungua hoteli mjini Same, karibu na stesheni, meza tatu na benchi, na anauza hayo hayo makaroni kwa abiria wa gari moshi. Jumamosi moja tukavaa, tukaenda. Ni mara ya kwanza mume wangu kunipeleka kula hotelini tangu tuoane, kwa hiyo umma umenisaidia hapo.

Aliyaleta kwenye sahani ya bati, juu yake mchuzi mzito wa nyama iliyokatwakatwa kwa kisu mpaka imekuwa kama mchanga, nyanya, vitunguu, na harufu moja niliyoifahamu lakini nikashindwa kuitaja. Tukapewa uma. Baba Stella aliudunga uma ule kama mtu anayechoma samaki mwambani, makaroni yakamkimbia, moja likaingia kwenye chai ya abiria jirani. Akaacha uma akala kwa mkono kama Mungu alivyokusudia. Mimi nilikuwa nayavuta moja moja kwa midomo. Mchuzi umeingia kwenye tundu, ukivuta unakuja wote na mluzi mdogo. Nilipiga miluzi hiyo mpaka mume wangu akaniambia watu wanatazama. Nikamwambia wameshalipa nauli ya treni, na hili waangalie bure.

Kisha nikaenda kusimama mlangoni pa jiko. Mzee Hamisi hakunifukuza. Maji yakichemka kwa fujo, anatia chumvi, anamwaga makaroni, anawasha sigara. Sigara ikiisha, anatoa na kuchuja. Ndiyo saa yake. Nikamuuliza itakuwaje nikiyaacha yaendelee kidogo. Akaniambia, "Mama, makaroni si mkonge. Ukiyazidishia hayatoi nyuzi, yanatoa uji." Na ile harufu ikawa mdalasini, ubale mdogo tu.

Nyumbani nikajaribu. Kwa kuwa sivuti, ilibidi Baba Stella akae mlangoni na sigara kama mlinzi. Mara ya kwanza alisahau akaiweka sikioni bila kuiwasha, tukala gundi. Mara ya pili alivuta kwa pupa, yakawa mabichi. Mara ya tatu, dada, yalitoka kila moja limesimama peke yake, na Stella akala sahani mbili akicheka, jambo ambalo sikuwa nimeliona tangu habari ya shangazi. Hapo nikaamua. Kama wanasema sisi ni watu wa posho, basi nitachukua posho hiyo hiyo niipike wasahau kwao.

Shangazi Namsifu akashuka na lori la asubuhi, siku moja kabla ya wazee wenzake wawili wa ukoo. Mwanamke mfupi, mgongo kama nguzo, kitenge kimefungwa kwa nia. Ameleta mkungu wa ndizi na kikapu cha maharage ya kwao. Nikampa shikamoo, akaniitikia marahaba huku macho yakiwa yameshanipita kwenda kwenye mafiga. Jioni aliyaona makaroni niliyoyamwaga kwenye ungo, akachukua moja, akaligonga kwa jino, akalirudisha. Nikamwambia ndicho chakula cha kesho. Akasema sawa, kila mtu na mahindi yake.

Ningeyasikiliza maneno hayo vizuri, barua hii ingekuwa fupi.

Kulipokucha nikaenda mjini kutafuta nyama. Buchani foleni ilikuwa ndefu na mwenye bucha ana maneno mengi kuliko nyama. Jua lilishapanda nilipoingia uani kwangu, nikakuta moto mkubwa, chungu changu kikubwa juu yake, na shangazi amekaa pembeni na mwiko, ametulia kama mwenye nyumba. Stella amesimama nyuma yake, macho kama ya mbuzi aliyeona treni. Akaniambia, "Mama Stella, nimeona unachelewa, nikasema nisikae kama mgeni wa serikali. Nimeshakubandikia."

Nikafunua. Dada yangu, maharage yake ya Mhezi yote, na makaroni yangu yote, tangu nilipotoka, pamoja. Alikuwa ameyapika kama makande. Kwa Mpare, kitu kigumu kikiwa karibu na maharage ni mahindi ya makande, na makande hayana haraka. Baba Stella angeweza kuvuta shamba zima la tumbaku wakati ule. Maharage yalikuwa yameiva vizuri, siwezi kumsingizia. Makaroni hayakuwepo. Kulikuwa na uji mzito wa rangi ya ukuta, na humo ndani hapa na pale tundu moja lililokuwa bado linakumbuka asili yake.

Stella angesema nini? Binti gani atamwambia shangazi wa mchumba kwamba anaharibu? Nami nikapiga hesabu zangu nikiwa nimeshika kifuniko. Nikisema ukweli, nimemwaibisha mkubwa aliyekuja kupima chungu changu, akakiharibu kwa mkono wake mwenyewe. Atapanda lori na uchumba utapanda naye. Nikinyamaza, wazee wake watakula uji huu wakijua ndio mapishi ya mama wa bibi arusi. Na pakiti nyingine sina. Wazee wenyewe nilishawasikia wakipiga hodi.

Nikamwambia, "Ahsante, shangazi. Hapo umenipunguzia kazi kubwa." Nikaomba dakika ya mchuzi. Nikaikatakata ile nyama mpaka ikawa mchanga, nikakaanga na vitunguu na nyanya, nikatia mdalasini kwa hasira, nikapakua ule uji kwenye sahani, na mchuzi wote nikaumwaga juu mpaka hapakuonekana kitu.

Wazee wakaomba dua ndefu ya Kilutheri. Nadhani ilisaidia. Mmoja akachukua kijiko, akaonja, akauliza hiki ni nini. Shangazi akanyoosha shingo kunitazama. Nikasema, "Makaroni, baba. Kwetu Nyasa ndivyo tunavyoyapenda." Baba Stella akakohoa. Safari hii sikio lilisikia.

Basi wakala. Yule mzee wa pili, ambaye meno yaliyobaki hayafiki wachezaji wa timu, akasema amekula vyakula vya Wazungu tangu wakati wa Mjerumani, na hiki ndicho cha kwanza kinachoheshimu wazee. Akaomba tena. Elinami alikula bila kuinua uso. Anayajua makaroni vizuri, ameshayala kwangu mara mbili, na sijaona mwanaume akimeza maneno mengi namna ile na chakula kidogo. Hapo ndipo nilipojua atafaa ukoo wetu.

Walipomaliza, shangazi akakataa kupumzika, akanifuata nyuma kuosha vyombo. Tukawa tunasugua sahani kwa jivu. Mara akasema, bila kuniangalia, "Nyasa mna makaroni tangu lini?"

Nikamjibu, "Tangu leo asubuhi, shangazi."

Akachota jivu jingine. Kisha mabega yakaanza kutikisika. Alicheka yule mama, dada, mpaka akakaa chini, kitenge na nia yake yote vikalegea, akafuta machozi na jivu likamwandika usoni. Stella alitoka mbio akidhani tunapigana.

Alipopata pumzi akaniambia, "Mimi nilikuja kutazama chungu. Nimekiona kifuniko. Huyo binti akiwa na hata nusu ya kifuniko hicho, tutakaa naye."

Sasa piga kigelegele.

Harusi itakuwa baada ya mavuno, kanisani kwao Mhezi. Padri wetu na mchungaji wao wanaandikiana kwa heshima sana, hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kukasirika. Elinami anasema huko juu shangazi ameshawatangazia akina mama wote kwamba makaroni ni chakula chepesi, kinataka maharage mazuri na moto wa kutwa, na kwamba hata Wanyasa amewakuta wanapika hivyo. Kwenye harusi atayapika mwenyewe, sufuria kubwa. Nimempelekea habari Mzee Hamisi kama mwalikwa. Alisikiliza mpaka mwisho, akawasha sigara, akasema atakuja, ila apewe kiti cha nyuma ambako mtu akilia haonekani. Na wewe uje, dada. Omba ruhusa mapema, uje na usipa wakavu, kuwe na kitu kimoja mezani ambacho shangazi hajakigusa.

Nisalimie mama, umwambie mjukuu wake haendi kufa njaa. Msalimie kaka yetu mchonga mitumbwi, na mkewe, na mama mdogo wa mizizi. Katekista mwambie mwanafunzi wake aliyeshindwa kusoma utotoni sasa anamaliza wino. Baba Stella anawasalimu wote, au ndivyo nilivyomsikia.

Anayekuletea barua hii ni Mngoni mmoja anayefanya kazi na Baba Stella kwenye korona, anakwenda likizo Songea, kutoka hapo atatafuta mtu wa Mbamba Bay. Amebeba na pakiti moja ya makaroni, jirani wa Singida kanipa ya mwisho kwa furaha. Maji yachemke kwa fujo, chumvi, umwage, kisha sigara moja ya shemeji, isizidi. Yakitoka kila moja limesimama peke yake, waambie watu ndivyo wanavyopika wataalamu wa Same. Mama akikutangulia jikoni ukayakuta yamekuwa uji, uyamwagie mchuzi juu, uwaambie ndivyo wanavyoyapenda Mhezi.

Ni mimi mdogo wako,
Rozina, Mama Stella, mkwe mtarajiwa wa Wapare