Kapasita ya Tatu

Shemeji yangu mpendwa,

Bwana asifiwe. Sisi wazima, na paa tumeshaziba.

Mume wangu, mdogo wako, bado anapiga gitaa la umeme kwenye kwaya, ila analalamika kwamba sauti yake imefifia. Fundi redio alibadilisha kapasita, kile kidude kinachomeza sauti nyembamba, akaweka ndogo ili imeze kidogo. Mdogo wako akasema bado. Ikawekwa ndogo zaidi. Jumapili waimbaji walikunja nyuso kwa ukali wa zile nyuzi, naye akaniuliza, "Mama watoto, mbona halilii?"

Juzi nilimfuata fundi peke yangu. Akaniambia taratibu, "Mama, sasa nimeitoa kabisa. Hakuna tena cha kumeza sauti. Gitaa ni zima."

Nyumbani nilimwita mume wangu mara tatu akiwa amenipa mgongo. Hakugeuka.

Sijamwambia, shemeji. Nasali, nikimaliza naogopa upya. Leo kanituma nikanunue kapasita nyingine, nami nimeitikia tu. Njoo kabla ya Jumapili. Ukimshika mkono wewe kaka yake, atakubali kwenda kupimwa masikio.

Wako katika maombi,
Shemeji yako, ambaye siku hizi anaongea kwa kupaza sauti