Saa Ilisema Kweli Nilipokuwa Nimesimama

Jumatano. Mvua imepiga bati tangu alfajiri, sasa jua limetoka kali na matope yananuka. Nimeamka na hasira na nimeshinda nayo. Asubuhi nimemfokea mama mmoja aliyechelewa kumleta mtoto wake kwa chanjo, mbele ya watu, na hakuwa amenikosea chochote.

Wiki tatu zilizopita niliahidi kwenye ukurasa huu kwamba nitasema kama saa hii ya kisasa, aliyonitumia kaka yangu kutoka Lubumbashi, inapima sawasawa mazoezi ya mtu anayeendesha baiskeli nje, kwenye barabara zetu hizi. Mimi ni muuguzi, kuhesabu mapigo ya moyo ni kazi yangu ya kila siku. Nina vidole viwili na shingo yangu mwenyewe ya kulinganishia. Basi nijibu.

Umbali inakosea. Kipande cha njia ambacho pikipiki ya jirani inakihesabu kilomita kumi na nane, saa ilinipa kumi na tano na nusu, kwa sababu chini ya miti mikubwa inapoteza satelaiti na kukata kona. Kinga, ndivyo tunavyoita baiskeli huku, ikizama matopeni nikashuka kuisukuma, saa inalia mara moja na kusimamisha hesabu ya mwendo, kana kwamba nimekaa kupumzika. Wakati huo ndipo ninapotoka jasho kuliko wakati wote.

Mapigo ya moyo yalikuwa uongo mtupu mwanzoni. Nikikaza mikono kwenye usukani, mashimo yakinirusha, saa ilisoma 92 wakati shingo ilisema 150. Nikajifunza kuipandisha vidole vitatu juu ya kifundo cha mkono na kukaza mkanda, chini ya mkono mrefu wa blauzi yangu nyeupe ya kazi. Hapo tofauti ikawa nne au tano tu.

Hilo ndilo jibu, na ningependa kuishia hapa.

Jumamosi nilikuwa natoka Kasongo pamoja na Idrisa. Idrisa anasukuma mafuta ya mawese kwa kinga: bidoni nne, yaani madumu, fimbo imefungwa kwenye usukani, mkono wa kulia kwenye fimbo, siku mbili za mwendo hadi Kabambare. Hajasoma. Kifaransa alicho nacho ni kile cha vizuizini: "carte", "chef", "montre". Kwenye vizuizi vyote alivyowahi kupita, "montre" maana yake ni onyesha kadi yako.

Baada ya mto wa pili, watu wawili wenye bunduki walitoka kwenye majani. Walikuwa wa nani, sijui. Idrisa alikuwa mbele akisukuma, mimi nyuma yake nikiendesha polepole, karibu kumgusa. Tukasimama. Saa yangu ikalia ile mara moja.

Mmoja wao akaniangalia, akaona blauzi nyeupe. "Muganga, weye simama kando."

Kisha akamgeukia Idrisa, maana alidhani mlio umetoka kwake. "La montre!"

Idrisa akatoa kadi yake ya kura haraka, kwa mikono miwili. "Iko hapa, chef. Iko hapa."

Mtu aliyekaa darasani anajua. "Montre" peke yake ni onyesha. "La montre" ni saa. Ni kineno kimoja kidogo kinachotangulia, na mimi nilikisikia.

"La montre, nasema!"

Idrisa akashusha mzigo, akafungua bidoni ya kwanza ili waone ndani. Wakampiga teke la tumbo. Akafungua ya pili huku anatapika. Wakampiga kitako cha bunduki mdomoni, meno mawili yakatoka na damu ikadondoka kwenye mafuta.

"Unatucheka?"

"Hapana, chef! Naonyesha! Ndo hii, sina ingine!"

Kila alipotii ndivyo walivyozidi kuona anawadhihaki. Akavua shati. Akageuza mifuko. Akavua viatu akavishika juu wavione. Mwishowe wakamlaza mkono wa kulia juu ya kiti cha kinga na kuuponda kwa kitako, mara tatu. Nilisikia mifupa. Ni sauti ninayoijua kwa kazi yangu, ila sikuwahi kuisikia ikianza.

Nami nilisimama kando, mkono wangu wa kushoto nyuma ya mgongo.

Pikipiki zikasikika kwa mbali, wakabeba bidoni moja na kuingia porini. Nikamfunga Idrisa mkono kwa vipande vya mwanzi na kitambaa cha blauzi hiyohiyo. Wale wa pikipiki wakatubeba. Njia nzima alikuwa anasema, mdomo umevimba, "Muganga, bila weye ningelikufa mu njia. Mungu akubariki."

Siku tatu nilikuwa nikijiambia kwamba sikuelewa. Kwamba yule mtu alisema vibaya, kwamba hofu iliniziba masikio.

Jana nilifungua rekodi ya safari kwenye simu. Hesabu ya mwendo ilikuwa imesimama, ila moyo saa inaendelea kuuandika. Mkono haukuwa umeshika usukani, hakukuwa na mashimo, kwa hiyo hakuna cha kuisingizia. Bunduki zilipotokea moyo wangu ulikuwa 118. Ukaruka hadi 164 dakika iliyofuata, kabla Idrisa hajapigwa teke hata moja, wakati yule mtu alikuwa amesema tu "la montre". Ukabaki hapo dakika kumi na moja.

Nilijua tangu mwanzo.

Nimechukua jiwe na kuipiga saa mpaka kioo kikawa unga. Nikaendelea kupiga. Mkono wangu una damu na haijanisaidia kitu.

Mchana mke wa Idrisa alikuja na kuku. "Ni wa yako, Muganga. Umenirudishia baba ya watoto yangu." Akapiga goti kunipa, mama mtu mzima. Alipoondoka nilimchinja yule kuku, nikakata shingo mara tatu wakati mara moja ilitosha, halafu nikampelekea jirani. Nisingeweza kumla.

Vidole vya Idrisa havitashika fimbo tena. Yeye bado anauliza ni lini. Nami namwambia tuone.

Sitaki kusema nilikuwa naokoa maisha yangu. Wangeichukua saa na kutuacha, nadhani. Nilikuwa naokoa saa.

Kesho asubuhi nabadilisha bendeji yake. Nitaifungua, nitausafisha mkono, na kabla ya kufunga mpya nitamwambia ile "la" maana yake nini, na kwamba niliisikia. Kisha sitasogea, anipige akitaka. Mkono wake wa kushoto hawakuuvunja.