Anayenijibu Bondeni

Kaka yangu,

Pokea salamu zetu za nyumbani. U mzima huko? Wifi na watoto hawajambo? Sisi hatujambo, ila mimi nimeteguka kifundo cha mguu, na nadhani akili nayo imeteguka. Hata sijui nianzie wapi.

Kazi yangu unaijua: kumtafuta yule bundi mdogo, saizi ya ngumi, ambaye duniani kote yupo kisiwani kwetu tu. Kumwona ni shida, kwa hiyo jioni tunapiga mluzi wa mlio wake, uleule Baba aliotufundisha utotoni. Akijibu, tunaandika yupo. Mwaka huu nimejibiwa mahali pamoja tu: bonde la nyuma ya nyumba yetu. Nilikuwa napitia huko kila jioni nikitoka ofisini, kimya kimya, maana mkubwa wetu alitukataza kumwambia yeyote, hata wa nyumbani. Wenye machimbo ya mawe wanalitaka bonde lile, na anayewazuia ni huyo ndege mmoja.

Basi juzi nimejilaza na mguu wangu, jua linazama, nikamsikia. Nyuma ya jiko letu! Nikachechemea nje na kinasa sauti mkononi. Kumbe ni Baba, kakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, viganja mdomoni, anapiga mluzi kuelekea bondeni. Akaniashiria ninyamaze.

Aliniambia kwamba tangu Mama atutoke, kuna bundi anayeongea naye kila jioni. Alinificha jambo hilo kwa kuogopa watu wa ofisini kwetu wasije na makamera yao wakamtisha. Akasema siku mbili sasa hajibiwi, wala hajui amemkosea nini. Chakula hakukigusa.

Umeelewa, Kaka? Mimi sikuelewa, nikabaki kuhesabu kwa vidole kama mtoto. Siku hizo mbili ndizo nilizoshinda ndani na mguu. Bundi wa Baba ni mimi. Na bundi wangu ni Baba. Bondeni hakuna kitu.

Jana nilimdanganya kwamba naenda dukani, nikajikokota hadi bondeni, nikapiga mluzi. Alinijibu upesi mno, machozi yakanitoka. Niliporudi nilimkuta anakomba sahani, akanitania eti duka limehamia nchi jirani.

Sasa nishauri, maana maji yamenifika shingoni. Ripoti inatakiwa kesho. Nikiandika yupo, nimesema uongo. Nikiandika hayupo, mashine zinaingia. Nadhani ofisini nitasema kweli. Kwa Baba siwezi, jamani, siwezi. Lakini bonde likichimbwa, nitajificha wapi nimjibu?

Msalimie sana wifi, na watoto wapakate kwa niaba yangu. Baba naye anakusalimu. Amesema nikwambie usihangaike juu yake, hayuko peke yake.

Mdogo wako,
Kifaranga