Nani Anaitia Nuksi Aldersby

Hili sijamwambia mtu hata mmoja, na kwenye dua pia hulipita pembeni: mwezi wa pili Aldersby walifunga goli, na mimi nikatamani lifutwe. Mfungaji hakunikosea kitu. Ila aliyemwambia Babu nani kafunga alikuwa binamu yangu Noof, si mimi.

Kumbukumbu za kwenda kwenye grupu la familia nimeshazituma, ni fupi na zina adabu. Hizi ni za kikao kilekile, kama kilivyokuwa. Naziandika chumbani juu, mlango nimeufunga, mechi inaendelea chini. Kwa nini niko juu, utaona kwenye KUMB. NA. 4/9. Skuli nasoma kwa Kiarabu na Kiingereza. Kiswahili cha kuandika nimefundishwa na Babu, ndiyo maana ukatibu nikapewa mimi. Nimeshazoea kujiita Katibu. Nadra, yaani mimi, haongei mbele za watu. Katibu angalau anaandika.

JUMUIYA YA WAPENZI WA ALDERSBY TOWN, TAWI LA FAMILIA

KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA TISA, CHA DHARURA, KILICHOFANYIKA JUMAPILI, TAREHE 24 MEI, BAADA YA SALA YA ALASIRI, KATIKA MAJLISI YA MWENYEKITI, AL KHOUDH

WALIOHUDHURIA
Mzee Marhoon – Mwenyekiti, babu yetu
Ami Sleiman – Makamu Mwenyekiti
Shangazi Mahfoudha – Mjumbe
Yazan – Mjumbe wa takwimu, mtoto wa Shangazi
Noof – Mjumbe mpya, mtoto wa Ami Sleiman
Nadra – Katibu

ALIYETOA UDHURU
Loay – Mjumbe, yuko zamu uwanja wa ndege

KUMB. NA. 1/9: KUFUNGUA KIKAO

Mwenyekiti alifungua kikao kwa dua na kuwataka wajumbe waweke simu chini. Alieleza kwamba Aldersby ameipenda tangu ujana wake, alipokwenda Uingereza kusomea umeme katika mji wa timu hiyo na kupanga chumba karibu na uwanja, na kwamba tangu siku hizo hajapata kuona mabeki wabovu kama hawa. Shangazi Mahfoudha alisema maneno hayo Mwenyekiti aliyasema na mwaka jana. Mwenyekiti alijibu kwamba na mwaka jana yalikuwa kweli.

KUMB. NA. 2/9: HALI YA TIMU

Yazan aliarifu kwamba Aldersby iko nafasi ya kumi na nane, ya juu kabisa katika zile tatu za kushuka daraja, na mechi ya leo saa moja usiku ndiyo ya mwisho. Ikishinda itabaki Ligi Kuu. Ikitoka sare au ikifungwa, imeshuka.

Ami Sleiman alitaka kikao kimjadili kocha. Mwenyekiti aliamua kwamba kocha hayumo katika mamlaka ya jumuiya.

Noof aliomba kuchangia. Ifahamike kwamba Noof amekulia Uingereza, ambako Ami Sleiman alikuwa kikazi, na wamerudi Januari wakahamia Sib, jirani na hapa. Alisema: "Babu, mimi niliwaona kwa macho yangu. Pale pale uwanjani. Baridi, wallah, mpaka meno yanaimba." Mwenyekiti alimwomba aeleze tena uwanja siku hizi ukoje. Aliueleza, pamoja na kile kisa cha ndege aliyemnyang'anya chipsi mkononi. Kisa hiki kimo katika kumbukumbu za vikao vilivyopita, na ndege huyo anazidi kukua. Wajumbe walicheka sana. Mwenyekiti alifuta machozi kwa ncha ya msari wake, kile kilemba chake.

Katibu hakucheka. Alikuwa anaandika.

KUMB. NA. 3/9: NUKSI

Ami Sleiman alieleza kwamba kinachoiangusha Aldersby hakiko Uingereza, kimo ndani ya majlisi hii. Alisema: "Timu imetiwa nuksi, na nuksi ina mwenyewe."

Shangazi Mahfoudha alisema kama ni hivyo basi mwenyewe ni Ami Sleiman, anayetangaza "hii tumeshaichukua" mpira ungali katikati ya uwanja. Ami Sleiman alisema huko ni kumdhania Mungu mema. Aliongeza kwamba jezi ya Yazan haijaguswa na maji tangu Februari, na wanaokaa upande wa kiyoyozi wanajua. Shangazi alijibu kwa ukali: "Nikiifua wakafungwa, utajibu wewe?" Ami Sleiman alimwambia dada yake kwamba huko kwao Darsait wanaweza kuishi na harufu hiyo, hapa kuna wageni. Shangazi aliuliza mgeni ni nani. Mwenyekiti aligonga kikombe cha kahawa.

Yazan alisema hakuna haja ya kugombana kwa sababu takwimu zipo. Alieleza kwamba amezipitia kumbukumbu za vikao na mahudhurio ya mechi, kama zilivyoandikwa na Katibu. Tangu Januari Aldersby imeshinda mara tatu: siku ya mtihani wa kemia wa Katibu, siku Katibu alipokwenda harusini, na siku Katibu alipolala na homa. Mara zote tatu Noof alikuwepo. Mechi nyingine zote Katibu alikuwepo, na hakuna hata moja ambayo Aldersby ilishinda.

Wajumbe walimgeukia Katibu.

Ami Sleiman alisema: "Mimi sisemi kitu. Nasikiliza tu."

Shangazi Mahfoudha alisema: "Sleiman, mtoto huyo muache."

"Nimemgusa? Kasema mwanao, na karatasi ni za mwenyewe."

Yazan alisema: "Si kwa ubaya, Nadra. Ni hesabu tu."

Katibu alikuwa na la kusema. Anayehudhuria karibu mechi zote ndiye atakayekuwepo timu ikifungwa. Mwenyekiti naye hajakosa hata moja, na hakuna aliyethubutu kumtaja. Na Noof huja akitaka. Siku tuliyopigwa manne alikuwepo vilevile, ila hapo Yazan alisoma mbio. Maneno haya yote yalifika mpaka kooni, yakakuta watu wamenikodolea macho, yakarudi.

Noof alisema: "Haram, jamani. Nadra si nuksi." Alimwekea Katibu mkono begani na kumsogezea sahani ya visheti. Katibu anaomba iingie hapa, katika nakala hii tu, kwamba kama Noof angenyamaza, kumchukia kungekuwa rahisi.

KUMB. NA. 4/9: MAHALI PA KUKAA

Macho ya Mwenyekiti hayashiki tena namba za jezi. Tangu Katibu alipokuwa darasa la pili, hukaa kwenye mto ulio kushoto kwa Mwenyekiti na kumtajia kwa sauti ya chini nani ana mpira. Hutaja jina au namba, basi. Namba sita, namba kumi na moja, karudisha kwa kipa. Mahali pengine Katibu akiulizwa jina lake hukwama. Pale huongea dakika tisini bila kukwama. Amejifunza namba zote za kikosi, na za vijana wa akiba ambao hawajawahi kuvuka mstari kuingia uwanjani, ili Babu asipate haja ya kumuuliza mtu mwengine.

Ami Sleiman alipendekeza kwamba kwa mechi ya leo Katibu akae chumbani juu, na mto wa kushoto akae Noof, ambaye anawajua wachezaji na ana bahati nao. Yazan aliunga mkono.

Shangazi Mahfoudha alisema ni vibaya kumtoa mtoto wa watu kwa ajili ya mpira. Kisha alitazama msimamo wa ligi kwenye simu ya Yazan, akasema: "Ya leo tu lakini," akainua mkono.

Noof hakuinua mkono na hakukataa. Aliangalia kucha zake.

Mwenyekiti alimgeukia Katibu. Alisema: "Nadra, mwanangu, wewe unaonaje? Ukisema hukai juu, hukai juu. Hapa kwangu."

Mwenyekiti alisubiri. Watu wote walisubiri.

Katibu alisema: "Sawa, Babu."

Hayo ndiyo maneno pekee ya Katibu katika kikao hiki. Kwenye nakala ya grupu yameandikwa hivi: Katibu aliridhia. Mwenyekiti alimtazama kidogo tena, halafu akasema: "Haya. Kama mwenyewe karidhia."

Iliazimiwa kwa mikono mitatu kwamba Katibu akae juu, asiiangalie mechi hata kwa simu, na Noof akae kushoto kwa Mwenyekiti.

KUMB. NA. 5/9: MENGINEYO

Yazan aliruhusiwa kuvaa jezi yake kama ilivyo, kwa sharti akae mbali na sahani. Ami Sleiman alikatazwa kusema "tumeshaichukua" kabla ya filimbi ya mwisho.

KUMB. NA. 6/9: KUFUNGA

Mwenyekiti aliwaombea mabeki na kikao kikaisha, watu wakaondoka kwenda kutia udhu wa Magharibi.

Mwenyekiti: nakala hii haisaini, maana hataiona.
Katibu: Nadra

YALIYOTOKEA BAADA YA KIKAO

Simu nimeizima kweli. Lakini hakuna azimio lililosema nizibe masikio, na majlisi iko chini ya chumba hiki.

Sauti ya Noof naisikia kuliko ya mtangazaji. Anamtajia Babu jina la mchezaji, kisha anamwambia mchezaji huyo kaoa nani, kavunjika mguu upi, alimuona wapi akinunua viatu. Babu anacheka. Miaka yote niliyokaa pale sikumchekesha. Nilidhani Babu anataka majina tu. Nakaa hapa najiuliza kama siku zote alikuwa anachoka na mimi, na kwa adabu zake akanyamaza.

Namba kumi na moja amepewa mpira upande wa kulia, najua kwa jinsi Noof anavyovuta jina lake. Mimi ningelitaja mapema zaidi. Noof husubiri aone kwanza itakuwaje.

Sasa hivi wamepiga kelele, na si ya furaha. Shangazi amesema "La ilaha illallah!" kwa sauti ya msibani. Tumefungwa.

Niandike ukweli, kwa kuwa hii ni kumbukumbu: kitu cha kwanza kilichonijia hakikuwa huzuni. Nilikaa wima kitandani kama niliyeitwa.

La pili limeingia kabla ya mapumziko. Halafu wameanza kugombana, Shangazi mbele.

"Yazan, hesabu zako ziko wapi?"

"Mama, hesabu ni za msimu mzima, si za nusu mechi."

"Tumeshatoa mmoja kwa mikono. Mikono si ndiyo hii hapa bado? Atoke na wa pili."

"Mahfoudha! Huyo ni binti yangu."

"Na yule uliyemtoa mwanzo ni binti wa nani, wa jirani?"

Ami Sleiman amejibu kitu sikukisikia. Yazan amesema hiyo si haki, kisha amesema lakini hata hivyo tujaribu. Nimesikia mikono mingapi? Mikono haisikiki. Nimesikia Ami Sleiman akisema, taratibu, kwa sauti ya mtu anayejionea haya: "Noof, habibti, panda juu kidogo. Kaa na Nadra."

Hapo Babu amesema: "Na mimi nani atanitajia?"

Kipindi cha pili kitaanza sasa hivi, na ule mto wa kushoto hauna mtu. Nikishuka, nikasema neno moja tu, sidhani kama kuna atakayenizuia. Nimesimama. Nimefika mpaka mlangoni na kalamu mkononi. Neno lenyewe sikulipata.

Sasa kuna viatu kwenye ngazi. Noof anapanda, na analia, kwa sauti, bila kujificha, vizuri, kama anavyofanya kila kitu. Na chini wanamwita. Wote. Shangazi anasema rudi mwanangu tulikuwa tunatania, Ami anasema rudi, Yazan anasema rudi. Mimi nilipopanda hakuna aliyeniita.

"Nadra? Ni mimi. Nifungulie, wamenifukuza."

Kitasa kinazunguka. Jina lake limejaa ukurasa wote huu. Nausokomeza chini ya godoro. Godoro ni zito, karatasi inakunjika